Baraza la Wazazi: Kumtafutia Mtoto Mwalimu wa Historia



Wapenzi wasomaji, tumeketi tena barazani petu kuzungumza habari za nyumba zetu na watoto wetu. Wazazi wengi wametuuliza neno moja, wengine kwa barua, wengine kwa kutushika mkono mlangoni mwa kanisa: "Mwalimu, mtoto wangu ameanguka katika Historia. Nimtafutie nani wa kumfundisha nyumbani?"

Neno hili si dogo. Fedha ya tuisheni hutoka katika magunia ya mahindi, katika kahawa na katika mbuzi wa nyumbani, nayo ikiisha kutupwa hairudi. Tena kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko fedha. Mwalimu wa Hesabu akipotosha, mtoto atakosa hesabu zake. Mwalimu wa Historia akipotosha, mtoto atakosa kuwajua watu waliomzaa. Kwa hiyo twaomba ruhusa kuwasimulia jambo lililotokea katika kigango chetu hapa Ungoni, na kosa la kwanza katika jambo hilo lilikuwa letu wenyewe.

Mwaka juzi mama mmoja mjane alitujia baada ya ibada ya Jumapili, na karatasi ya ripoti mkononi. Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Masomo mengine yalikuwa ya kadiri, lakini katika Historia alikuwa amepata alama 28 kwa 100, nayo ni F, kwa kuwa D huanzia 30. Mama akasema, "Mwalimu, wewe umesoma shule ya misheni, wawajua watu. Nipatie mtu."

Sisi hatukuomba kuiona karatasi ya mtihani. Hatukumwuliza binti neno lo lote, wala hatukwenda shuleni kwake. Tulikuwa na safari ya mazishi mchana ule, na moyo wetu ulikuwa umekwisha tangulia njiani. Tukamtaja kijana mmoja aliyesifiwa sana kwa tuisheni yake, ambaye watu walisema kwamba watoto wake hawaanguki. Mama akatushukuru, akaenda zake. Haraka haraka haina baraka. Twawafundisha watoto methali hiyo kila mwaka, na siku ile tuliisahau.

Mama akauza mbuzi wawili, akalipa miezi mitatu mbele. Kijana yule aliwakusanya watoto wapata thelathini katika chumba kimoja, akawauzia karatasi zilizopigwa chapa, akawaambia, "Hizi ndizo sababu saba za Vita vya Maji Maji, na haya ndiyo matokeo yake saba. Yashikeni kwa moyo, maana mwaka huu yatakuja." Binti akayashika. Jioni, alipokuwa akisonga ugali, mama yake alimsikia akiyasoma kwa Kiingereza kama mtoto asomaye litania, akafurahi, akaona kwamba mbuzi wake hawakwenda bure.

Hata siku moja babu yake binti, mzee sana, aliketi karibu na moto akasikia jina la Maji Maji katikati ya maneno yale ya kigeni. Akauliza, "Mjukuu wangu, wasoma habari za vita ile? Basi niambie, ilianza kwa nini?" Binti akaanza ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata saba. Mzee akangoja amalize, akasema, "Nimesikia. Sasa niambie, katika hizo saba, ipi ilimfanya babu wa baba yangu ashike mkuki?" Binti akanyamaza. Hakujua kwamba babu huyo alikuwako vitani, na katika karatasi zile hakuna mtu aliyekuwako, ila maneno tu.

Mtihani wa mwisho wa muhula ukaja. Waliotunga hawakuuliza sababu saba. Waliuliza kwa nini watu wa makabila mbalimbali, wasiokuwa na mfalme mmoja, waliweza kupigana pamoja. Binti akaandika sababu saba. Akapata 29. Ndugu zangu, alama moja kwa mbuzi wawili!

Tulipopata habari hiyo tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwomba radhi. Mama akatuambia bila ukali, "Mwalimu, umetaka radhi, nami nimekupa. Lakini mtoto bado hajui Historia." Maneno hayo yalituamsha. Tukaanza upya, na safari hii tulikwenda pole pole.

Kwanza tulikwenda shuleni pamoja na mama, tukamwomba mwalimu wa darasa karatasi za mitihani zilizosahihishwa. Twawasihi wazazi wote wafanye vivyo hivyo kabla ya kumtafuta mwalimu wa nyumbani. Namba iliyoandikwa katika ripoti yaeleza kwamba mtoto ni mgonjwa, wala haielezi ugonjwa. Karatasi ndiyo yaonyesha mahali panapouma.

Pili, tuliuliza habari za walimu wastaafu. Ng'ambo ya bonde letu alikaa bibi mmoja aliyefundisha Historia miaka mingi katika shule za sekondari. Hakuwa na tangazo mlangoni, wala hakuna aliyemsifu njiani, kwa kuwa alikwisha acha kazi na watu walimjua kwa bustani yake ya mboga. Tulipomweleza shida yetu hakutaja bei. Alisema, "Nipeni kwanza karatasi." Akavaa miwani yake, akasoma muda mrefu, sisi tukinyamaza. Kisha akamwita binti, akamwonyesha swali moja la Kiingereza, akamwuliza kwa Kiswahili, "Hapa umeulizwa nini?" Binti akajibu, "Nimeulizwa juu ya ukoloni." Bibi akasema, "Juu ya ukoloni, ndiyo. Lakini waliuliza sababu zake au matokeo yake?" Binti hakujua.

Ndipo ugonjwa ulipoonekana. Katika maswali matano, matatu aliyajibu yale yasiyoulizwa. Alipotakiwa kueleza sababu alieleza matokeo, na alipotakiwa kulinganisha alisimulia upande mmoja. Mtoto huyu hakukosa akili. Alikosa maneno machache ya Kiingereza ambayo watunga mitihani huyatumia kuagiza kazi, na hapana mtu aliyeketi naye kumfungulia. Wazazi, kumbukeni kwamba katika sekondari zetu mtoto hujifunza Historia kwa lugha isiyo ya nyumbani. Mara nyingi asemwaye kuwa mjinga wa Historia ni mgeni wa lugha tu.

Bibi mwalimu akakubali kumfundisha mara mbili kwa juma, saa moja na nusu kila mara, barazani pake mbele ya watu. Malipo yakawa kila mwisho wa mwezi, baada ya kazi. Alimfundisha hivi: kwanza humsimulia jambo lote kwa Kiswahili, kama hadithi yenye watu na mahali. Kisha humwuliza maswali matatu: "Lilitokea lini? Kwa nini? Nani alituambia?" Mwisho humpa maneno ya Kiingereza yafaayo, naye binti huandika ukurasa mmoja tu, ambao bibi husahihisha pale pale, akimwambia sababu ya kila kosa.

Twapenda kuwaeleza somo moja, ili mwone tofauti. Alipofika kwenye Maji Maji hakuanza na sababu saba. Alimwambia binti kwamba mwaka 1905, katika milima ya Umatumbi mahali paitwapo Nandete, watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa nguvu. Fedha iliyowarudia ilikuwa kidogo mno kwa kazi ile, na kodi ilikuwa yadaiwa, nao wasimamizi walikuwa wakipiga watu. Mwezi wa Julai wakaing'oa pamba, na kung'oa huko kukawa ndio mwanzo wa vita. Akamweleza habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji akisema kwamba risasi za Wadachi, yaani Wajerumani, zitageuka kuwa maji, naye akanyongwa Agosti 1905 pale Mohoro. Akamwambia, "Sasa rudi kwenye swali lile la mtihani. Watu wasio na mfalme mmoja waliunganishwa na nini?" Binti akafikiri, akasema, "Na maji yale." Bibi akamwambia, "Na nini tena?" Binti akasema, "Na pamba, na kodi, na fimbo." Kumbe jibu alikuwa nalo. Alikosa tu wa kumwuliza kwa utaratibu.

Kisha bibi akampa hesabu mbili. Wadachi waliandika kwamba waliokufa katika vita ile ni watu wapata 75,000. Mwanahistoria Gwassa, aliyewahoji wazee wa upande wa Kilwa, alikadiria kuwa walikufa kati ya 250,000 na 300,000. "Mbona hesabu hizi zapishana hivi?" akauliza. Binti akakaa siku tatu na swali hilo. Akarudi na jibu: labda wengine waliwahesabu waliouawa kwa bunduki, na wengine wakawahesabu pia waliokufa kwa njaa. Bibi akamwambia kwamba ameelekea kweli, kwa maana askari wa Wadachi waliteketeza mashamba na maghala ya chakula ili watu washindwe, na njaa ile iliwaua wengi sana kuliko risasi. Tena akamwonya asisahau kuuliza ni nani aliyehesabu, na alikuwa na haja gani ya kutaja hesabu kubwa au ndogo.

Akamtuma kwa wazee pia. Akamwambia kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji na kuziandika, na mengi tunayoyajua leo yametoka katika vinywa vya wazee wale. "Nawe unaye mzee nyumbani," akasema. "Nenda kamwulize kabla hajalala." Binti akaenda kwa babu yake na daftari. Usiku ule mzee alinena zaidi kuliko alivyonena mwaka mzima.

Hata hapa kila mtu alifurahi. Lakini Historia ya kweli haikai mbali na nyumba ya mtu, na siku moja iliingia katika nyumba hii bila kubisha hodi.

Mama yule alitujia usiku, amejitanda khanga, na uso wake haukuwa mwema. Akasema, "Mwalimu, bibi yule aniharibia mtoto. Leo tukila aliniuliza: Mama, je, ni kweli kwamba kabla ya vita padre aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa? Na kama ni kweli, watu walipoichoma misheni walikosa nini? Sikuwa na la kumjibu. Nataka kumwachisha kesho."

Ndugu wasomaji, tutawaambia kweli: sisi nasi hatukuwa na jibu usiku ule. Katika masomo yetu tulifundishwa kwamba Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa njiani Agosti 14, 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, nao hawakuwa askari. Tulifundishwa kwamba mwezi wa Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Habari hizo ni kweli, nasi huwaombea marehemu wale. Lakini ile nyumba ya mahoka, ambayo wazee wa Ungoni huisimulia na wanahistoria wameiandika, hatukufundishwa kamwe. Tuliisikia kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima, tukaiweka pembeni kama mtu awekavyo barua asiyotaka kuifungua.

Tukamwomba mama asimwachishe mtoto mpaka tumwone bibi. Asubuhi tulivuka bonde. Tukamkuta akipalilia mboga zake, tukamwuliza wazi wazi: "Bibi, je, wamfundisha mtoto kuwachukia Mapadre?"

Akasimamisha jembe lake, akasema, "Mwalimu, mimi nilibatizwa hapa, na wazazi wangu wamezikwa katika makaburi ya misheni. Sikumfundisha chuki. Nilimsimulia kuuawa kwa Askofu na masista, akalia. Nilimsimulia nyumba ya mahoka, akanyamaza. Nilimsimulia kwamba Februari 27, 1906, Wadachi waliwanyonga Nkosi Mputa na wakuu wengi wa Wangoni pale Songea, na kwamba padre aliingia gerezani kuwaona, na baadhi yao wakabatizwa kabla ya kufa. Hapo akaniuliza, Je, hawa ni watu wetu au ni adui zetu? Nikamwambia, Hilo kaulize nyumbani. Basi ameuliza. Je, nilitenda vibaya?"

Tulirudi kwetu kimya. Njiani tukayakumbuka Maandiko Matakatifu, ambayo twayafundisha kila Jumapili. Ni nani aliyeandika dhambi ya mfalme Daudi na Uria? Si adui zake. Imeandikwa katika Kitabu cha watu wake mwenyewe, nasi hatukuacha kuziimba Zaburi kwa sababu hiyo. Ni nani aliyeandika kwamba Petro alimkana Bwana mara tatu? Ni Kanisa lenyewe lililomheshimu Petro. Na Mtakatifu Luka, mwanzoni mwa Injili yake, aeleza kwamba alichunguza mambo yote kwa bidii, akipokea kwa wale walioyaona tangu mwanzo. Basi huyo alifanya kazi ya mwanahistoria. Kama Roho Mtakatifu hakuona haya kuandikisha makosa ya watumishi wa Mungu, sisi ni nani hata tuyafiche?

Jioni tukamwendea mama, tukamwambia maneno haya: "Mwanao hakuuliza kwa kuasi. Ameuliza kwa kuwa aipenda nyumba yake na Kanisa lake, naye ataka kujua yawezaje kukaa pamoja. Ukimfukuza mwalimu, swali halitafukuzika. Litamfuata mtoto mpaka Dar es Salaam, na huko atajibiwa na mtu asiyempenda yeye wala Kanisa. Afadhali alipate jibu hapa, kwako. Mwambie kwamba kuichoma nyumba ya mahoka ya mtu mwingine si Injili, kwa maana Bwana hubisha mlangoni wala havunji. Mwambie pia kwamba kuwaua watu wasio na silaha si haki, hata kwa mtu aliyedhulumiwa. Mwambie kwamba wote wawili ni wafu wetu."

Mama hakujibu usiku ule. Alisema tu, "Nitangoja mwezi mmoja." Nasi tukaona kwamba hilo latosha.

Katika mwezi huo siku ya kuwakumbuka mashujaa ilikuwa imekaribia, nayo hukumbukwa Songea kila mwaka mwishoni mwa Februari. Babu akataka kwenda, ingawa miguu yake ni dhaifu. Wakaenda wote watatu, mzee na mama na binti, mpaka Makumbusho ya Majimaji, mahali lilipo kaburi la walionyongwa. Hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Novemba 1, 2023, akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliwatendea watu wetu. Binti alimsomea babu yake majina yaliyoandikwa. Mama alisimama kando muda mrefu. Kisha, hivyo ndivyo alivyotuambia mwenyewe, alifanya ishara ya msalaba, akasema, "Kumbe na hawa wamo waliobatizwa." Wakarudi nyumbani. Habari ya kumwachisha mwalimu haikutajwa tena.

Mtasema, je, mtihani? Mwaka uliofuata, katika mtihani wa Kidato cha Nne, binti alipata C katika Historia. Hakupata A, nasi hatutawadanganya. Miaka miwili ya msingi mbovu haijengwi upya kwa mwaka mmoja. Lakini aliandika insha zake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, na babu yake alifariki akijua kwamba habari za babu zake zimo katika daftari la mjukuu wake, na haziwezi kuzikwa pamoja naye.

Sasa, wazazi wapenzi, twawapeni mashauri machache yaliyotoka katika kosa letu na katika kazi ya bibi yule.

Kwanza, usimtafute mwalimu kabla hujaijua shida. Shika karatasi ya mtihani, ketini pamoja, umwulize mtoto kila swali lilitaka nini. Kama hafahamu swali, tafuta mtu wa kumsaidia lugha ya somo. Kama afahamu swali wala hana habari, tafuta mtu wa kumsimulia. Kama ana habari wala hawezi kuzipanga, tafuta mtu wa kumsahihishia insha. Shida hizi ni tatu, na dawa zake hazifanani.

Pili, usiende kwa sifa ya njiani. Waulize walimu wastaafu, mwulize mwalimu mkuu, mwulize padre wa parokia, waulize vijana wa chuo kikuu waliokuja nyumbani kwa likizo. Lakini mwalimu yule yule amfundishaye mtoto darasani usimpe fedha ya kumfundisha pembeni. Hata akiwa mtu mwema, wamtia katika majaribu ya kupunguza kazi ya mchana ili auze kazi ya jioni.

Tatu, mjaribu mwalimu kabla ya kumlipa. Mwombe amfundishe mtoto somo moja nawe ukiwapo, hata kama hukusoma. Huna haja ya kujua Kiingereza ili umtambue mwalimu. Tazama ni nani anenaye. Akinena yeye peke yake saa nzima, na mtoto akiandika tu, mshukuru umwage. Akimwuliza mtoto, akangoja, akamwuliza tena, huyo anafaa. Mwulize pia: "Kitu hiki chajulikanaje?" Mwalimu mwema atafurahi. Mwalimu wa karatasi za kuuza atakasirika.

Nne, jihadhari na mtu ayajuaye maswali yatakayokuja. Ama ni mwongo, nawe wanunua uongo, ama ni mwizi, nawe wanunua mali ya wizi. Nyumba ya Mkristo haina haja na mojawapo.

Tano, patana kabla ya kuanza: siku gani, saa ngapi, malipo gani. Lipa kila mwisho wa mwezi baada ya kazi, wala usilipe miezi mingi mbele. Wasome barazani au sebuleni, mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwa karibu. Hii si kumdhania mtu ubaya. Yamlinda mtoto, nayo yamlinda mwalimu na jina lake. Kama huna fedha, wazazi watatu wanne wenye watoto wa darasa moja waweza kuungana. Watoto wanne bado mwalimu aweza kumwona kila mmoja. Watoto thelathini huwaona kama ukuta.

Sita, nanyi wazazi mna sehemu yenu isiyouzwa. Mwalimu atamfundisha mtoto tarehe na sababu, lakini habari za ukoo wenu hazimo katika kitabu cho chote. Mtoto akikuuliza, usimwambie, "Hayo ya zamani yametuhusu nini?" Mpeleke kwa mzee. Na akikuletea swali linalochoma, usimpige wala usimkemee. Kama hujui, mwambie, "Sijui, tutamwuliza mtu," kisha umwulize kweli kweli. Asiyeuliza hana ajifunzalo.

Kwenu walimu wenzetu, wa shule na wa dini, neno letu ni fupi. Tumezoea kuwapa watoto majibu, kwa kuwa majibu ni mepesi kusahihisha. Mtoto aliyepewa majibu tu huanguka swali linapogeuzwa kidogo, katika mtihani na katika imani pia. Twaogopa maswali yao kwa kuwa twaogopa yale tuliyoyaweka pembeni sisi wenyewe. Basi tuyafungue kwanza sisi.

Yule mama hututania mpaka leo. Akituona mlangoni mwa kanisa na mzazi mwingine mwenye ripoti mkononi, husema kwa sauti, "Mwalimu, umekwisha iona karatasi ya mtihani?" Nasi twamjibu, "Bado, mama, twaiomba sasa." Na kweli twaiomba.

Mungu awabariki ninyi nyote pamoja na watoto wenu, awape walimu wema, hata tutakapokutana tena mwezi ujao.